Tujue Mji Wetu: Bukavu, Mkono Ndani ya Ziwa

Mwezi huu tunatembea katika Bukavu, mji mkuu wa jimbo letu la Kivu ya Kusini. Wengine kati yenu mnaujua. Mlikuja kuuza, kumfikisha mgonjwa kwenye hospitali ya Panzi, ama kutafuta karatasi ya ofisi. Wengine hamjafika bado, lakini mtoto wenu anasoma huko, ama mmeanza kuweka feza kidogo kidogo ili siku moja mnunue parseli. Kwa hiyo hatuandiki kwa ajili ya watalii. Tunaandika kwa ajili ya mtu anayetaka kujua anakanyaga wapi.

Ramani ya Bukavu si ngumu kuipata. Iko katika ofisi, katika vitabu vya jeografia, na siku hizi hata ndani ya telefone ya kijana. Katika karatasi ile mji unalala sawa kitambaa kwenye meza: hapa komini ya Ibanda, hapa Kadutu, hapa Bagira, kila komini na rangi yake. Lakini uliza mama anayepanda Kadutu na bidoni ya maji mgongoni. Atakuambia kwamba katika Bukavu hakuna mambo ya kulala. Ni kupanda na kushuka tu.

Basi neno letu la leo ni hili: anayesoma ramani ya Bukavu bila kuuliza wapi ni juu na wapi ni chini, hajaisoma bado. Na kwa familia inayotaka kununua parseli, neno hilo linaweza kuwa la uzima ama la hasara.

1. Bukavu iko wapi?

Vijana, fungueni atlasi. Tafuteni mstari wa ikweta, kisha shukeni kusini kidogo, digri 2 na nusu hivi. Halafu fuateni mstari wa digri 28 na dakika 51 za mashariki. Mistari hii miwili inapokutana, hapo ndipo Bukavu, penye mwisho wa kusini wa ziwa Kivu.

Wageni wengi wanapotea kwa sababu wanadhani ziwa liko mashariki ya mji. Hapana. Ziwa liko hasa upande wa kaskazini. Mashariki ni mto Ruzizi, na ng'ambo yake ni nchi ya Rwanda, upande wa Kamembe na Cyangugu. Asubuhi tazama jua linatokea wapi: linatokea upande wa Rwanda. Magharibi na kusini ni milima. Kadiri unavyokwenda magharibi, nchi inazidi kupanda mpaka mlima Biega, wenye meta 2790, na Kahuzi, wenye meta 3308. Milima hii miwili ndiyo iliyotoa jina la mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970.

Maji ya ziwa yenyewe yako kwenye kimo cha meta 1460 hivi juu ya bahari. Ndiyo sababu mtu wa Kamituga ama wa Shabunda anayezoea joto la msitu akifika Bukavu usiku anatafuta koti.

Sasa tufanye zoezi dogo la nyumbani. Weka mkono wako juu ya meza, vidole vimefunguliwa na vinaelekea mbele. Mbele ni kaskazini. Vidole vitano ni rasi tano, yaani vipande vya nchi vinavyoingia ndani ya maji. Nafasi kati ya vidole ni ziwa. Kiganja ni katikati ya mji, na kiwiko ni milima ya nyuma. Ndiyo sababu wazee walipenda kusema kwamba Bukavu ni mkono wa kijani uliotumbukizwa katika ziwa. Watu wanataja Muhumba, Nguba, na La Botte, neno la Kifaransa maana yake kiatu kirefu, kwa sababu rasi ile ukiiona toka juu ina umbo la kiatu.

Kwa nini vidole hivi? Wanasayansi wanafundisha kwamba zamani sana mito ya nchi hii ilikuwa ikielekea kaskazini. Kisha volkano za Virunga, zile za upande wa Goma, zilimwaga moto na mawe na kuziba njia. Maji yakakosa pa kutokea, yakapanda na kujaza mabonde. Migongo ya vilima ilibaki nje ya maji, na migongo hiyo ndiyo rasi zetu. Mwishoni maji yakapata mlango mwingine upande wa kusini, na mlango huo ndio Ruzizi. Kwa hiyo anayekaa Muhumba anakaa juu ya mgongo wa kilima ambacho miguu yake iko majini.

2. Milango ya mji

Mtu wa Kamituga anafanya kama kilometa 180, kwa njia ya Mwenga na Walungu. Wakati wa mvua kilometa hizo zinaweza kula siku nyingi, wasomaji wetu hawahitaji kuambiwa. Anaingia mjini kwa upande wa kusini, kwa Panzi na Essence. Upande huo huo kunafika njia ya Uvira, ile inayopita Kamanyola na kupanda ngomo zile za kutisha pale Ngomo, bonde upande mmoja na jabali upande mwingine.

Mtu wa Nyabibwe anatoka kaskazini. Anafuata ziwa kwa Kalehe na Katana, anapita Kavumu, Miti na Mudaka, kisha anafika upande wa Bagira. Watu wa Shabunda, kwa miaka mingi njia yao ya gari ilikuwa mbaya hivi hata wakategemea ndege ndogo mpaka uwanja wa Kavumu. Wa Idjwi na wa Goma wanakuja kwa maji, na mabandari yako chini ya mji. Tangu Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, mambo ya njia yamebadilika mara nyingi. Uliza habari mpya kwa watu waliotoka huko kabla ya kufunga mizigo.

3. Nani alikaa juu, nani alikaa chini?

Wakati wa Wabelgiji mji huu uliitwa Costermansville, kwa jina la ofisa mmoja wa ukoloni, Paul Costermans, aliyekufa mwaka 1905. Katika miaka ya 1950 jina la Bukavu likarudi. Watu wengi husema linatoka katika Mashi na lina maana ya mahali pa ng'ombe. Mnaweza kuwaza: pale penye maduka na magari sasa, zamani wachungaji walichunga.

Wazungu walijichagulia rasi na njia kuu ya katikati, ile tunayoiita leo Avenyu Patrice Lumumba. Hapo bado mnaona nyumba za zamani zenye kona za mviringo na madirisha marefu. Wafanyakazi weusi waliwekwa Kadutu, juu ya kilima, na baadaye Bagira, upande wa kaskazini-magharibi. Ramani ile ilichorwa ili watu wasichanganyike. Baada ya uhuru wa 1960 mipaka ya rangi ilianguka, lakini barabara, mabomba na mifereji ilibaki vile ilivyochorwa, kwa ajili ya watu wachache.

Kisha watu wakaongezeka. Mwaka 1988 Kivu ya zamani iligawanywa kuwa majimbo matatu, na Bukavu ikabaki mji mkuu wa Kivu ya Kusini. Mwaka 1994 wakimbizi wengi sana walivuka Ruzizi kutoka Rwanda. Tangu 1996 vita vilifukuza familia nyingi vijijini, na familia hizo zikatafuta usalama mjini. Leo watu wanahesabiwa kupita milioni moja. Kila mmoja alitafuta pa kuweka kichwa. Penye tambarare palikwisha zamani. Wakapanda juu ya miteremko, wakashuka katika mabonde ya vijito, wakajenga hata pale wakoloni waliogopa kujenga. Tusiwahukumu. Mtu aliyekimbia risasi hachagui parseli na kipimo mkononi.

4. Kinachotupwa juu kinashuka chini

Mvua ya Bukavu haina mzaha. Inapopiga juu ya mabati ya Kadutu, maji hayakai. Yanashuka kwa vijito kama Kawa mpaka ziwani, na kila kitu kilichotupwa njiani kinasafiri nayo: masashe, chupa za plastiki, viatu vya kuchakaa. Takataka hizo zinaelea, upepo unazisukuma, na mwisho zinafika penye mlango wa ziwa, yaani Ruzizi.

Na Ruzizi ndiko kunakotoka umeme. Kituo cha Ruzizi ya kwanza kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, kilometa chache tu chini ya mji. Ruzizi ya pili ilifuata mwaka 1989, nayo ni ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Mto ule una nguvu kwa sababu ya mteremko: kutoka ziwa Kivu mpaka ziwa Tanganyika unashuka karibu meta 700. Lakini mashine za umeme hazimezi chupa za plastiki. Mara nyingi wafanyakazi wamelazimika kusimamisha mashine na kuondoa takataka kwa mikono na kwa mitambo. Kisha mama wa Kadutu anakaa gizani na kulalamika kwamba umeme umekatwa. Sashe aliyoitupa mtu wa kartie yake imezunguka na kumrudilia.

Hiyo ndiyo jeografia, vijana. Ni kujua kwamba jirani wa chini anapokea alichokiacha jirani wa juu.

5. Udongo unaotembea

Sasa tunafika penye jambo kubwa. Sehemu kubwa ya Bukavu imekaa juu ya mawe ya volkano za zamani yaliyooza na kuwa udongo mwekundu, wa kunata, wenye kwenda chini sana. Udongo ule ukikauka ni mgumu. Ukinywa maji mengi unakuwa mzito na kuteleza. Tena tuko katika bonde kubwa la ufa, mahali ambapo ardhi ya Afrika inapasuka polepole. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu asubuhi, watu wako katika ibada, tetemeko la nguvu 5.9 lilipiga. Nyumba zilianguka Bukavu, na watu walikufa pande zote mbili za mpaka, wengi zaidi upande wa Rwanda.

Tetemeko linakuja siku moja na kwenda. Kuna mwendo mwingine usio na kelele. Katika komini ya Kadutu kuna mahali panaitwa Funu. Huko kipande cha mlima chenye upana wa kilometa moja na nusu za mraba hivi kinateremka polepole, pamoja na nyumba, mashule na watu juu yake. Si hadithi ya watu. Wataalamu wa Ubelgiji pamoja na walimu wa Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu, UOB, walichukua foto za zamani zilizopigwa toka ndege wakati wa ukoloni. Wakazilinganisha na picha za satelite za siku hizi, miaka 70 hivi ya historia. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2022.

Waliona nini? Kwamba mlima ule ulikuwa ukitembea hata kabla ya nyumba, maana ni jambo la zamani. Lakini pale watu walipojenga kwa wingi, mwendo wake ulibadilika, na mahali pengine uliongezeka. Wanaona sababu kubwa iko maji: njia zake zinabadilika tunapokata mteremko, tunapofunika udongo kwa mabati, na maji ya mabomba na ya mifereji yanapopotea ndani ya ardhi. Kuna sehemu zinazokwenda meta kadhaa kwa mwaka. Fikiria parseli yako: mwaka huu iko hapa, miaka mitano mbele mpaka wake umeshuka kwa jirani.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa machimbo aliniomba nimsindikize kutazama parseli upande ule. Alikuwa ameuza na kuweka akiba miaka tisa. Bei ilikuwa nzuri, tena nzuri mno. Komisyonere alituonyesha karatasi zenye muhuri, zote sawa. Lakini nyuma ya uzio kulikuwa mama mzee anachagua maharagi mbele ya nyumba ya mbao. Nikamsalimia, "Jambo mama. Hapa munakaa salama?" Akacheka kidogo. "Papa Pasta, salama iko. Lakini hii nyumba, ni ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ya matofali. Sasa tunajenga na mbao tu, juu mbao inakubali kutembea." Mama wa machimbo alinyamaza. Alitazama ngazi za simenti za jirani, zilizokuwa zimeachana na mlango wake, mtu angeweza kuingiza mkono katikati. Kisha akamwambia komisyonere, "Asante, papa. Nitarudia kuwaza." Hakurudi tena. Alitafuta mwaka mzima mwingine, akapata parseli ndogo zaidi, mbali na soko, na bei ya juu kidogo. Lakini ukuta wake umesimama.

Mama mzee yeye alibaki pale. Hakuwa na mahali pengine. Hilo tusilisahau tunapotoa mashauri.

6. Kabla ya kutoa makuta yako

Mfano wa nyumba mbili, ya mwamba na ya mchanga, tunaujua tangu shule ya siku ya Mungu. Katika Bukavu unaweza kuusoma kwa macho. Fanyeni hivi:

Moja, tazameni ramani yenye mistari ya kimo. Ni mistari myembamba inayozunguka vilima, na kila mstari unaonyesha kimo kimoja. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ni tambarare. Mwalimu wa jeografia anaweza kuwasaidia kuisoma.

Mbili, nendeni kwa miguu, na nendeni siku ya mvua. Siku ya jua kila parseli ni nzuri. Siku ya mvua mtaona maji yanapita wapi.

Tatu, tazameni miti na nguzo za umeme. Kama zimeinama zote upande mmoja, udongo unatembea. Tazameni kuta za majirani: nyufa za kupanda kama ngazi, milango isiyofunga vizuri, chemchemi mpya iliyotokea mahali pasipokuwa na maji.

Nne, ulizeni wamama waliokaa hapo miaka mingi, ulizeni na shefu wa avenyu. Swali liwe moja tu: "Nyumba hii ilijengwa mara ngapi?" Komisyonere anatafuta asilimia yake. Jirani mzee hana faida ya kudanganya.

Tano, karatasi ni lazima, na ofisi ya serikali ya ardhi ndiyo ya kuthibitisha. Lakini mjue kazi ya karatasi. Inasema parseli ni ya nani. Haisemi kama parseli itabaki mahali pake.

Sita, kwa wale waliokwisha kujenga penye mteremko: chungeni maji. Tengenezeni mfereji wa mabati pamoja na jirani, maji yafike kwenye mfereji mkubwa, yasimwagwe nyuma ya nyumba. Bomba linalovuja lizibwe leo. Pandeni miti na majani penye ukingo, na msikate mguu wa kilima ili kupata nafasi ya jiko.

7. Maji yetu yanakutana

Tumalize na safari moja katika atlasi. Wekeni kidole penye Bukavu. Tone la mvua linaanguka juu ya Kadutu, linafika ziwani, linatoka kwa Ruzizi na kuingia ziwa Tanganyika. Linatoka tena Kalemie kwa mto Lukuga, linaingia Lualaba. Sasa wekeni kidole kingine Shabunda. Maji ya huko yanafuata mto Ulindi, nayo yanaingia Lualaba. Katika mto ule mmoja maji ya mji na maji ya machimbo yanachanganyika, kisha yanakwenda pamoja kama mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki.

Maulizo ya kuzungumza katika familia:

1. Nyumba yetu iko juu ama chini? Maji ya mvua yetu yanakwenda kwa nani?

2. Katika kijiji chetu cha machimbo, ni mahali gani wazee walikataza kujenga? Kwa sababu gani?

3. Vijana wachore ramani ya kartie yetu: njia, vijito, miteremko, na mahali penye nyufa. Wazee waisahihishe.

4. Kama jirani amejenga mahali pa hatari na hana pengine pa kwenda, sisi tunaweza kumsaidia namna gani mvua zijazo zikianza?